Nakala 40
Nilikuwa nashuka daladala Mapinga, siku nyingine Kerege au Zinga, begani begi la sampuli za vitabu vya hadithi. Mshahara ulikuwa mdogo. Tuliishi kwa kamisheni. Kwenye shule za msingi za serikali hesabu niliijua kabla sijakaribishwa kiti: ruzuku ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na humo mlikuwa na chaki, karatasi za mitihani na ukarabati.

Karibu na Bagamoyo mjini, mwalimu mkuu mmoja alinunua nakala 40. Muhula uliofuata nikarudi, nikitumaini atanunua tena. Zilikuwa kabatini, zimefungiwa kwa kufuli, nailoni haijachanwa.

“Watoto watavichafua, mwanangu,” alisema. “Mkaguzi akivikuta vimechanika, nitajibu nini?”

Nilinyamaza. Kamisheni ya vitabu vile nilishaila.

Nje, wasichana wawili walilichungulia begi langu. Nikawapa sampuli moja. Wakasoma kwa zamu, kwa sauti, kidole chini ya kila neno, mpaka kengele ikalia. Walinirudishia ikiwa na alama za vidole vyenye maji ya embe.

Ofisini tulifundishwa kwamba sampuli iliyochafuka haionyeshwi mteja. Tangu siku ile, ndiyo ninayoitoa kwanza.