Kipushi: Hiace iliyogeuzwa volani, kuiuza ao kubaki nayo

Tangu juma tatu madereva wa parkingi ya Kipushi wanamuuliza mwenzao swali lile lile: ile Hiace nyeupe, unaiuza ao hauiuzi? Mwenyewe anacheka na kujibu kwamba motokari ni ya mkewe, waende kumuuliza mama. Lakini usiku nyumbani hacheki. Watu wawili wamekwisha kuleta bei, na mmoja wao ni mtoto wa dada yake.

Kipushi iko kilomita kama 30 kutoka Lubumbashi, mpakani kabisa. Upande wa Zambia motokari zinapita kushoto, desturi iliyoachwa na Waingereza. Upande wa Kongo zinapita kulia, kama Wabelgiji walivyoweka. Mtu anavuka kwa mguu, dakika chache tu, na barabara imebadilika upande. Motokari nyingi zinazotembea Katanga zinatoka Japani, zinashuka kwenye bandari ya Dar es Salaam na kupanda kwa njia ya Zambia. Japani nao wanapita kushoto, kwa hiyo volani inafika ikiwa kulia. Serikali ya Kinshasa ilikataza kuingiza motokari za namna hiyo, lakini zilizokwisha kuingia ziko, na mafundi wa Lubumbashi wamejifunza kazi ya kuzigeuza.

Ile Hiace ni mmoja wa watoto wa kazi hiyo. Dereva aliinunua mwaka 2013, volani ikiwa kulia, kiti kwa kiti kama ilivyotoka kwa Wajapani. Baba yake alikuwa mtu wa mgodi. Mgodi wa Kipushi ulifunguliwa mwaka 1924 na Union Minière, ukaitwa Prince Léopold, kisha ukawa wa Gécamines, na mwaka 1993 kazi ikasimama. Yeyote aliyekuwa mtoto hapa wakati ule anajua maana yake: baba anarudi nyumbani na kofia ya kazi, kesho yake hakuna pa kwenda. Wengine walishika jembe, wengine makala, wengine biashara ya mpakani. Yeye alishika volani za watu kwa miaka mingi mpaka akapata yake.

Kugeuza volani si kuhamisha gurudumu tu. Fundi anatoa dashibodi nzima. Anahamisha pedali za mafuta, breki na klachi, anahamisha na pompa ya breki iliyo nyuma yake. Anatafuta vyuma vya volani vya upande wa kushoto, mara nyingi vya motokari nyingine iliyokufa. Nyaya za umeme hazifiki, zinaungwa. Mikono ya kufutia mvua inafagia upande usiofaa. Taa za mbele nazo zimetengenezwa kutupa mwanga kushoto, pembeni ya barabara ya Japani. Hapa Kongo mwanga huo unaingia macho ya yule anayekuja. Wengi hawazibadilishi. Dereva huyu alibandika utepe mweusi kwenye kipande cha kila taa, na ni zaidi ya wanavyofanya wenzake.

Kilicho kigumu zaidi ni mlango. Hiace ya Japani ina mlango wa kuteleza upande wa kushoto, watu washukie pembeni. Ukiiweka Kongo bila kuugusa, mama mwenye mtoto mgongoni anashukia katikati ya barabara, mbele ya malori. Basi fundi anakata ubavu wa kulia, anapandisha mlango huko, na ubavu wa kushoto anauziba kwa bati. Kwa macho ni kazi safi. Lakini ubavu wa motokari ni mifupa yake. Ukiukata, bila kuweka chuma cha nguvu chini ya mlango na kwenye nguzo zake, motokari inabaki kama sanduku lililofunguliwa pande mbili.

Watu wa Kinshasa wanajua habari hii kwa sura nyingine. Mercedes 207 zao zilikuja nyingi zikiwa za kubeba mizigo, mafundi wakazitoboa madirisha, wakachomelea viti ndani, na watu wenyewe wakaziita Esprit de mort. Jina hilo lilitoka kwa abiria, waliopanda kila siku.

Kwenye ile Hiace, volani na pedali zilikula dola 850. Mlango, dola 400. Mwaka 2018 mashine ya 2L iliyotoka nayo ilichoka, ikawekwa 3L, mashine ya dizeli ya lita 2.8, pamoja na kazi dola 1,300. Ziliongezwa springi za nyuma, karia ya chuma juu kwa viloba vya unga na makala, na benchi ya nne ndani. Feza hizo dereva alikuwa hazikumbuki. Aliyezikumbuka ni mkewe, maana ana kaye la shule, lenye mistari ya hesabu, na tangu siku ya kwanza ameandika kila kitu kilichoingia na kila kitu kilichotoka.

Jumapili moja baada ya kanisa alilifungua mezani. Mume alikuwa anasema kila siku kwamba motokari ndiyo inalisha nyumba. Kaye lilisema hivyo pia, mpaka miaka michache nyuma. Kwa mwaka uliopita lilionyesha miezi mitatu ambayo motokari ilikula kuliko ilivyoleta: matairi, kuchomelea, pompa ya dizeli, na vile vidogo vidogo vya barabarani ambavyo havina risiti. Na binti yao mkubwa yuko mwaka wa pili UNILU, feza ya masomo inangojewa.

"Baba watoto, ile motokari umeipenda, njo vile. Lakini mapendo hayalipi minervali," mama alisema.

Hakukuwa na jibu.

Bei ya kwanza ilitoka kwa mfanyabiashara wa Kasumbalesa: dola 4,500, zote mkononi. Alizunguka motokari mara mbili, akasikiliza mashine, akapiga matairi teke, akafurahi. Anataka kuiweka kwenye barabara ya Lubumbashi–Kasumbalesa, ile ya malori ya shaba. Hakuinama kuangalia chini ya mlango.

Dereva amekwisha kuinama mara nyingi. Chini ya nguzo ya nyuma ya mlango wa kulia kuna ufa. Ulichomelewa mara ya kwanza, ukarudi. Ukachomelewa tena, ukarudi sentimeta chache pembeni, maana chuma kilichounguzwa mara mbili kinakuwa kama biskuti. Kila masika kutu inaongezeka. Motokari ikijaa na karia ikiwa na viloba, ikiingia shimoni, mlango unakwama. Ikitoka shimoni, mlango unateleza wenyewe. Abiria wanadhani ni uzee. Mwenyewe anajua ni mwili mzima unaojikunja.

Karatasi nazo zina neno lao. Karte roze bado ina namba ya mashine ya kwanza, ile ya 2L. Mashine ilibadilishwa, karatasi haikubadilishwa. Kwa miaka yote hii polisi wa barabarani hawakufungua boneti, wakaangalia tu assurance. Lakini siku motokari inabadili mwenyewe, ao siku ya ajali, namba hizo zitasomwa. Wanaotafuta motokari ya kuanzia maisha huku, hasa familia zilizofika na akiba kidogo kutoka mbali, waombe karte roze kabla ya kusikiliza mashine, walinganishe namba ya mashine na ya chasi, waulize risiti ya fundi aliyegeuza volani, na walale chini waangalie palipokatwa. Rangi mpya sehemu moja tu ya ubavu haikupakwa kwa urembo. Na muuzaji anayetaja jumla ya feza alizoweka ndani, msimkatalie kwa ukali, mwacheni aseme. Ni huzuni yake. Soko halilipi mtu kwa kubadilisha. Linalipa motokari inayotembea, na iliyokatwa mara nyingi linailipa kidogo.

Bei ya pili ndiyo ilimnyima usingizi. Mtoto wa dada yake alikuja jioni, akasalimu, akakaa kwenye kigoda, akakataa bukari mpaka aseme neno lake. Yeye ni manseba, anabeba watu kwa pikipiki. Lubumbashi neno hilo lina kazi mbili: ni mjomba, ndugu wa mama, na ni dereva wa pikipiki pia. Kwa hiyo manseba mmoja alikuwa amekuja kuona manseba mwingine.

"Manseba, tumeunganisha na wenzangu katika likelemba. Tuko na dola 1,200. Zingine tutalipa kila mwezi. Usiuzishe ku mutu wa Kasumbalesa."

Anaijua ile Hiace kuliko mtu yeyote, isipokuwa mwenyewe. Mwanzoni mwa 2014 familia yake ilikimbia Mitwaba, wakati wa wale Bakata Katanga, siku ambazo eneo kati ya Manono, Mitwaba na Pweto lilipata jina la pembetatu ya kifo. Gédéon Kyungu Mutanga alikuwa ametoroka gereza la Kasapa mwaka 2011, na vijiji viliungua. Dada, bwana yake na watoto walifika Likasi juu ya lori, na kaka yake akapiga simu kwa mwenye dizeli, akakopa, akaenda kuwachukua. Mlango ulikuwa mpya, rangi haijakauka vizuri. Watu kumi na mmoja, masufuria, magodoro mawili na mbuzi mmoja waliingia kwa mlango huo. Kijana alikuwa na miaka kumi. Alilala njia yote kichwa kikiwa juu ya kifuniko cha mashine, kati ya viti vya mbele, sababu pale kuna joto.

Wengi Kipushi wana motokari ya namna hiyo katika ukumbusho wao, iwe Hiace, iwe lori la watu. Ndiyo maana dada, aliposikia habari ya kuuza, hakusema neno la bei. Alisema tu: "Ile? Ile iliyotutoa?"

Kumuuzia mgeni kitu chenye ufa ni dhambi inayokwenda mbali, hauioni tena. Kumuuzia mtoto wa dada ni kuiona kila asubuhi ikipita mlangoni imejaa watu. Lakini kumnyima pia ni kumrudisha kwenye pikipiki, kwenye barabara ambayo tangu mgodi uanze tena kutoa zinki, mwezi wa sita 2024, ina malori mazito kuliko zamani. Dereva aliyapima haya bila kumwambia mtu, halafu akafanya jambo la akili: alipeleka Hiace kwa fundi mzee wa kuchomelea, akamwomba asitengeneze kitu, aseme tu.

Mzee aligonga kwa nyundo ndogo kutoka mbele mpaka nyuma, akisikiliza. Alichukua nusu saa. "Mashine iko muzuri. Volani ilifanywa na mutu mwenye kujua kazi. Lakini ule mulango, siku moja utafunguka na watu. Hata nikichomelea leo, nakudanganya."

Akaulizwa kama kuna njia. Akasema iko moja, ila si ya bisi.

Yule wa Kasumbalesa aliambiwa ukweli kwa simu. Alinyamaza kidogo, akashusha bei kwa dola elfu moja na mia tano, akaongeza kwamba ufa si kitu, atapaka rangi. Hapo dereva akakata maneno. Kama angesema, basi nitaiacha, ao nitatia chuma kwanza, labda angeuza. Lakini neno rangi lilimuonyesha wazi bisi hiyo itakavyokwenda. Alipoteza dola 3,000 ambazo zingefika siku ile ile, na mkewe hakuficha kwamba lilimuuma. Lilimuuma zaidi kwa sababu naye hakutaka ifanyike.

Sasa kazi imekwisha. Mlango wa kulia umefungwa na kuchomelewa kabisa, na chuma cha pembe kimepita chini yake kutoka nguzo ya mbele mpaka ya nyuma. Benchi zote zimetolewa, zimeuzwa kwa bisi nyingine. Karia imeshushwa. Mizigo inaingia kwa mlango wa nyuma ule unaofunguka juu: unga, makala, sementi, magodoro ya wanaohama nyumba, ndani ya Kipushi tu, haitoki kwenda mbali. Kijana ndiye anaendesha. Walikubaliana dola 2,400, nusu imelipwa kwa feza ya likelemba, nusu itatoka kwa kazi, na mbele ya mashahidi wawili waliandika kwamba hatapakia abiria. Karte roze inafuatwa ofisini. Hilo halijaisha, na huenda litachukua muda.

Ile nusu ya kwanza imeingia UNILU. Mama ameiandika katika kaye, upande wa vilivyoingia, kisha akaiandika upande wa vilivyotoka, tarehe moja.

Dereva mwenyewe anaendesha bisi ya mtu, kama zamani, na jioni anapita kwa kijana kusikiliza mashine. Madereva wenzake wanaona hasara: motokari ya watu kumi na wanane imegeuzwa mkokoteni. Anawaachia maneno yao.

Dada naye alikuja kuiangalia siku ilipotoka kwa fundi. Aliizunguka, akatafuta mlango, hakuupata, akapitisha mkono kwenye mstari wa kuchomelea.

"Na mimi nitapandia wapi?"

"Mbele," kijana akamjibu. "Karibu na mashine. Pale kuna joto."

Akapanda.