Zambarau ya Jicho la Kushoto

Kiswahili kina rangi tatu tu zinazosimama kwa miguu yao: nyeupe, nyeusi na nyekundu. Hizo ndizo zinazobadilika kufuata ngeli: ua jeupe, mti mweusi, kitambaa chekundu. Nyingine karibu zote tumeziazima kwenye vitu. Manjano ni kiungo cha jikoni. Kijani ni jani. Kahawia ni kahawa, kijivu ni majivu, zambarau ni tunda linalopaka ulimi. Na neno likikosekana kabisa, tunasema "rangi ya" halafu tunatafuta kitu cha kuonyesha kwa kidole: rangi ya ugoro, damu ya mzee, maji ya kunde.

Mwaka 1969 Wamarekani wawili, Brent Berlin na Paul Kay, walitoa kitabu wakidai kwamba lugha yenye maneno matatu tu ya msingi ya rangi huwa na hayo hayo: nyeupe, nyeusi, nyekundu. Wasomi wamebishana nao tangu hapo na mimi siingilii ugomvi huo. Ninachojua ni kwamba kazi yangu ni kuchanganya rangi, na ile "rangi ya" ndiyo iliyotuambia kwamba macho ya mama yanaondoka.

Nafinyanga hereni kwa udongo wa polima. Kwa asiyeujua, udongo huu hautoki ardhini. Ni PVC, jamii moja na plastiki ya mabomba ya maji, iliyochanganywa na kilainishi na rangi. Unaukanda mpaka ulainike, unauumba, unauoka kwenye oveni ndogo ya umeme kwa nyuzi kati ya 110 na 130, nusu saa hivi, unatoka mgumu. Asili yake ni kwenye midoli: Fifi Rehbinder, binti wa Käthe Kruse, Mjerumani aliyesifika kwa midoli yake, aliuza mapishi yake kwa kampuni ya Eberhard Faber mwaka 1964, na ndipo dunia ikalijua jina la Fimo. Wangu huagizwa, hufika Dar, halafu hupanda basi mpaka Msamvu, ambako naenda kuupokea kama mgeni.

Tunakaa Mzinga, Manispaa ya Morogoro, upande ambao Uluguru inasimama mbele yako kila ukifungua mlango. Mzinga ni wa nyuki na mzinga ni wa vita, na hapa kwetu maana zote mbili zinaishi: Shirika la Mzinga lipo, na nyuki wapo kwenye maua ya mama. Bustani ni yake. Alishuka kutoka Mgeta akiwa binti, na mkono wa Mgeta hautulii. Wenzake kule wanapanda kabichi na njegere kwenye miteremko, yeye akapanda maua. Getini kuna mkrismasi, ambao Desemba huwaka mwekundu mpaka wapita njia wanainua shingo. Ukutani kuna bogenvilia. Ichunguze siku moja: ile rangi kali yote ni majani yaliyovaa nguo ya sikukuu, ua lenyewe ni kijineli cheupe katikati.

Lakini mwalimu wangu ni kichaka cha brunfelsia karibu na tenki la maji. Ua lake hufunguka likiwa zambarau iliyokolea. Kesho yake linapauka. Siku mbili tatu baadaye ni jeupe, halafu linadondoka. Kwa hiyo kichaka kimoja hubeba rangi tatu kwa wakati mmoja, na Waingereza wamekipa jina la jana, leo na kesho. Hereni zangu zinazouzika zaidi ni hizo: maua matatu yamepangwa kushuka, la juu zambarau, la chini jeupe.

Sasa, zambarau ni mtihani. Shuleni tunafundishwa nyekundu na buluu huzaa zambarau. Jaribu na nyekundu ya nyanya uone: utapata matope. Nyekundu ile ina njano ndani yake, na njano ikikutana na zambarau huiua. Inabidi uchukue majenta, nyekundu inayoegemea upande wa waridi, na buluu isiyo na ukijani. Mimi natumia sehemu 4 za majenta kwa 3 za buluu. Ua la siku ya pili unalianzia upande wa pili: sehemu 8 za nyeupe kwanza, ndipo sehemu 1 ya ile zambarau. Ukianza na zambarau ukitaka kuipausha, utamaliza pakiti nzima ya nyeupe na bado haijafika. La siku ya tatu ni nyeupe yenye punje ya zambarau, punje ya mtama, isizidi. Halafu unaoka kipande kidogo cha majaribio, maana rangi hubadilika kidogo kwenye moto, na ukizidisha joto nyeupe inageuka njano.

Vipande hivyo vya majaribio vilikuwa vinapita kwa mama. Alikuwa anakaa kibarazani na kahawa yake, ananyoosha mkono, anatoa hukumu. "Hii zambarau ya tunda ambalo halijaiva." "Hii zambarau ya ulimi, siyo ya tunda." Hakuna kitabu cha rangi kingenipa hukumu kama hiyo. Zambarau ya ulimi nilijua mara moja imepungukiwa nini: buluu kidogo, na wingi wa rangi.

Mvua za vuli za mwaka juzi, akaniambia kichaka kimechoka.

"Kimechokaje, mama?"

"Hakipiti tena katikati. Kinatoka cheusi, kinaingia cheupe. Ile leo yake imepotea."

Nikatoka kuangalia. Leo ilikuwepo, tele, imejaa upande wote wa tenki. Wiki hiyo hiyo akasema milima imeungua yote. Uluguru huwa inaungua kweli wakati wa kiangazi, lakini asubuhi ile mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na milima ilikuwa ya buluu, ile buluu yake ya baada ya mvua.

Nikachukua vipande tisa vilivyookwa, kuanzia zambarau iliyokolea hadi nyeupe tupu, nikavimwaga mezani. Nikamwomba anipangie. Alipanga vile vya giza haraka. Vinne vya mwisho akavisukuma pamoja kwa kiganja. "Hivi vyote ni kitu kimoja, mwanangu. Maji ya kuoshea mchele."

Kimoja kati ya hivyo vinne kilikuwa rangi ya siku ya pili. Mtoto wa chekechea angekitenga.

Ningemuuliza, "Mama, unaona vizuri?" angesema anaona, na angekasirika. Wazee wengi ndivyo walivyo, na asemapo anaona hasemi uongo, kwa sababu kilichopungua kimepungua polepole mno. Lakini maji ya mchele ni kitu. Unaweza kwenda jikoni ukayatazama. Niliosha mchele, nikaweka bakuli pembeni ya kile kipande, na ilikuwa wazi kwamba yeye alikuwa ananieleza kitu halisi, anakieleza kwa usahihi, na kitu hicho hakikuwa kwenye ua.

Hospitalini wakasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Lenzi ya jicho, ambayo kwa kijana ni kama maji, kwa miaka inaingia ukungu na kugeuka njano, hata kahawia. Na kioo cha njano hunyonya mwanga wa buluu na wa zambarau kabla haujafika ndani. Nilipoelezwa hivyo nilielewa kuliko daktari alivyotegemea. Njano ikikutana na zambarau huiua. Ni yale matope yangu, ila safari hii yalikuwa yanachanganywa ndani ya jicho la mama.

Mchoraji Mfaransa Claude Monet alipitia hayo. Aliambiwa ana mtoto wa jicho mwaka 1912, akaogopa kisu, akaendelea kuchora bustani yake huku rangi zikizidi kuwa za kahawia na nyekundu, mpaka alipofanyiwa upasuaji wa jicho la kulia mwaka 1923. Wakati wake lenzi mbovu ilitolewa tu, pakabaki patupu. Ya kupandikiza ilianza mwaka 1949, London, kwa daktari Harold Ridley. Wakati wa vita alikuwa ametibu marubani walioingiwa macho na vipande vya plastiki ya vioo vya ndege, akaona jicho linaivumilia plastiki ile. Basi akatengeneza lenzi kwa plastiki ya aina hiyo. Nilipomweleza mama kwamba atawekewa plastiki, alinitazama, akatazama meza yangu ya kazi. "Wasinioke tu," akasema.

Jicho la kulia lilifanyiwa kwanza. La kushoto lingefuata baada ya wiki sita. Bandeji ilipotoka alirudi nyumbani, akaenda moja kwa moja kwenye tenki la maji. Akafumba jicho moja, akafumbua, akafumba la pili. Akafanya hivyo muda mrefu, kama mtoto aliyepewa kioo.

"Ni maua mawili," akasema. "Kulia ni zambarau. Kushoto ni ugoro umelowa."

Kwa wiki sita zile mama alikuwa na macho mawili yasiyokubaliana, na alikuwa mtu pekee nyumbani anayejua tofauti kutoka ndani. Nikamwambia tuitengeneze. Kila jioni kabla jua halijaingia tulikaa na ua moja la siku ya kwanza kwenye bilauri. Ya kulia ilikuwa rahisi, ni mapishi yangu ya kawaida na buluu kidogo ya kuongeza, maana jicho jipya lilikuwa linaipenda buluu kupita kiasi. Ya kushoto ilichukua siku kumi na moja. Niliongeza njano kwenye zambarau, punje kwa punje, kitu ambacho mfinyanzi yeyote wa udongo huu anakikimbia. Kisha kahawia. Yeye anafumba jicho la kushoto, anatazama kipande kwa la kulia. Anafumba la kulia, anatazama ua kwa la kushoto. "Bado. Ugoro umekauka huo. Ulowanishe." Siku ya kumi na moja akanyamaza, akafumba, akafumbua, akasema, "Ndiyo hilo."

Jicho la kushoto likafanyiwa. Mama sasa anaona milima ya buluu, anaona vumbi juu ya kabati, anaona ukuta wa sebule unahitaji rangi, na ameniambia mbele ya wageni kwamba nimezeeka. Leo ya kile kichaka imerudi, anaihesabu kila asubuhi.

Siku moja nilimletea vile vipande viwili. Cha kulia alikitambua. Cha kushoto alikigeuzageuza, akakiweka puani kama tumbaku yenyewe. "Hii ya nini?" Nikamwambia ni ua lake, kwa jicho lile la zamani. Akalitafuta kichwani, hakulipata. Akaniuliza kama kuna mtu ameagiza hereni za rangi hiyo. Nikasema hapana, hakuna.

"Tengeneza jozi moja," akasema. "Nitavaa mimi."