Mizani ya Mota

Mota ya gari la umeme haina mngurumo wa kumjulisha mnunuzi uwezo wake. Hujulikana kwa tarakimu za mtengenezaji, na tarakimu huweza kusema kweli bila ya kusema kweli yote.

Katika jimbo la Tennessee, Marekani, Maabara ya Taifa ya Oak Ridge ilijitwika kazi ya kuzihoji tarakimu hizo. Mafundi wake walizitoa mota katika magari, wakazifungua, kisha wakaziunganisha na mashine inayozipinga zinapozunguka. Upande mmoja ulisomwa umeme unaoingia. Upande wa pili ilisomwa nguvu ya kuzungusha pamoja na wingi wa mizunguko. Kilichopotea baina ya pande hizo kiligeuka joto.

Miongoni mwa zilizopimwa zilikuwamo mota mbili za Toyota Prius. Ya mwaka 2004 ilitajwa kuwa na kilowati 50 na nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 400. Ya mwaka 2010, kilowati 60 na nyutoni-mita 207. Mwenye pupa angeidharau ya pili, akadhani imepungua nusu. Lakini ya kwanza ilikoma kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, na ya pili ilifika 13,500. Gia iliyoongezwa iliyarudishia magurudumu msukumo uliopungua. Nayo gia, haki isemwe, hula sehemu yake.

Hila kubwa zaidi imo katika muda. Kilowati zinazotolewa kwa sekunde chache, wakati wa kulipita gari jingine, si zile zinazodumu katika mlima mrefu. Shaba ikipata moto huuzuia umeme zaidi, na sumaku ya neodimiamu hudhoofika. Basi lilikuwa jambo la maana kuiona mota ya Nissan Leaf ya mwaka 2012, iliyotajwa kuwa na kilowati 80, ikizibeba zote kwa saa nzima kwenye mizunguko 7,000.

Ubishi wa sumaku haukwisha. Tesla ilianza Model S mwaka 2012 kwa mota isiyo na sumaku za kudumu, ambayo huzunguka bila kizuizi kikubwa umeme wake ukikatwa. Model 3 ya mwaka 2017 ikaja na sumaku, zenye kuupunguza upotevu. Ilipotolewa Model 3 ya mota mbili, ya nyuma ilikuwa na sumaku, ya mbele haikuwa nazo.