Kiasi cha Mkono Wako

Wazee wetu wa mwambao walikuwa na jina lao kwa ile risasi nzima ya kisasa, yenye ganda lake, baruti yake ndani na fataki yake kitakoni. Waliiita kiasi. Mtu akisema kuwa fulani amebakiwa na viasi viwili, hakuna aliyedhani kuwa anazungumza habari za mchele. Nami naona jina hili halikuzuka bure. Kabla ya kuja bunduki za viasi, watu walijua gumegume na gobore, ambazo kila mpigaji alijipimia baruti mwenyewe kila mara anapotaka kupiga. Akipunguza, risasi ilianguka miguuni pa mnyama. Akizidisha, mtutu ulimpasukia usoni. Ilipokuja risasi ambayo baruti yake imekwisha kupimwa na kufungwa na watu wengine huko mbali, wazee waliitazama wakaona kuwa kilichonunuliwa khasa si shaba wala chuma. Kilichonunuliwa ni kipimo.

Mwana wa ndugu yangu anayeishi Marekani, katika jimbo la Minnesota, alinipigia simu akaniuliza jambo lililomshangaza. Anaye mwenzake kazini, mtu mzima mwenye mshahara mzuri, ambaye kila jioni ya Jumamosi huteremka katika chumba cha chini ya nyumba yake, akajifungia saa mbili tatu akijaza upya maganda ya risasi alizokwisha kuzipiga. Maduka yamejaa risasi mpya, na fedha anazo. “Ami,” akaniuliza, “mtu huyu ana nini?”

Nilimjibu kuwa mtu wa namna hiyo nimekwisha kumwona, wala sikumwona Marekani. Nilimwona Mkuu, Rombo, katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kilimanjaro, nilipokuwa nikisomesha huko miaka ya 1980.

Kwanza natueleze kazi yenyewe ni ipi, maana wengi hatuijui. Risasi inapopigwa, kinachokwenda ni kile kipande cha mbele, na kinachoungua ni baruti na fataki. Ganda, ambalo mara nyingi ni la shaba ya manjano, hubaki zima, na ndilo la thamani kuliko vyote. Mwenye kupenda kazi hii huliokota, akalisafisha, akalirudisha katika umbo lake kwa kulipitisha ndani ya chuma kigumu, akatoa fataki iliyokufa na kutia nzima, akapima baruti, kisha akakaza risasi mpya mdomoni. Yapo maganda yanayokubali kujazwa upya mara nyingi, na yapo yasiyokubali ila kwa taabu. Boxer, mwanajeshi wa Kiingereza, alibuni namna ambayo ganda lina tundu moja katikati, na fataki hutolewa kwa kusukumwa na sindano. Berdan, Mmarekani, akabuni namna ya matundu mawili madogo ya pembeni, na kuitoa fataki yake ni shida. Mambo ya dunia ni ajabu: Wamarekani wameshika ile ya Mwingereza, na majeshi mengi ya nchi nyingine yakashika ile ya Mmarekani! Ndiyo maana kujaza risasi kumeenea Marekani kuliko kwingine.

Vyombo vya kazi hii vina historia ndefu kwao. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia risasi ziliadimika madukani, na mwaka 1943 bwana mmoja wa Oroville, California, aitwaye Fred Huntington, akaanza kutengeneza chombo cha kufinyanga risasi kutokana na maganda ya risasi ndogo yaliyotupwa. Kutokana na chombo kile kikazaliwa kiwanda cha RCBS, kilichokuja kujulikana na kila mwenye kujaza risasi. Mwaka 1958 Richard Lee wa Wisconsin akatoa chombo kidogo cha bei nafuu, cha kutumia kwa nyundo tu juu ya meza, na watu wa kipato cha chini nao wakaingia.

Baruti yao huipima kwa punje. Punje 7,000 hufanya ratili moja ya Kiingereza, na gramu moja ni punje 15 na kidogo. Asili ya kipimo hiki ni punje ya nafaka, na masonara wetu walikuwa wakikutana nacho bila ya kujua, kwa kuwa tola moja ya dhahabu ni punje 180. Hata bunduki ya marisau, ile iitwayo namba 12, namba yake inatoka katika mizani: chukua risasi za mviringo zinazoenea sawasawa katika mtutu wake, na kumi na mbili kati ya hizo zitakuwa ratili moja. Kila uendapo katika habari hizi unakutana na mizani.

Sasa narudi Mkuu. Jirani yangu alikuwa mzee wa Kirombo, Mkristo, mtu wa maneno machache, na sote tukimwita Meku kwa heshima ya umri wake. Alikuwa na gobore lenye leseni, la kufukuzia nyani na nguruwe katika shamba lake la mahindi huko chini, upande wa mpakani. Gobore halikuwa jambo geni kule. Bunduki zilipanda Kilimanjaro kutokea kwetu pwani. Misafara ya Pangani, Tanga na Mombasa ilipeleka nguo, ushanga, baruti na bunduki, ikarudi na pembe za ndovu. Mwaka 1888 balozi wa Kiingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikisia kuwa bunduki baina ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka. Juni 1892 wapiganaji wa Mangi Meli wa Moshi waliwashinda Wajerumani kwa silaha hizo, ingawa Meli mwenyewe alikuja kunyongwa tarehe 2 Machi 1900. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki bora zisiwafikie Waafrika, lakini ukaacha mlango wazi kwa gumegume na baruti ya kawaida. Basi mtu wa bara akaachiwa silaha ambayo lazima ajipimie mwenyewe.

Nilikuwa nikienda kwa Meku jioni, ukungu unapoanza kushuka migombani na sisi watu wa pwani tunaanza kutafuta makoti. Alikuwa akifanya kazi yake mchana kweupe, nje, mbali na jiko, na kiko chake akikiacha ndani. Watoto walikuwa hawasogei. Baruti ilikuwa katika pembe, na kipimo chake kilikuwa kipande cha pembe kilichokatwa na baba yake. Hakumimina kamwe kutoka katika pembe kubwa moja kwa moja ndani ya mtutu. Alijaza kipimo, akakifuta juu kwa kidole kama muuza pishi mwaminifu, ndipo akamimina. Kisha akatia kizibo, akashindilia kwa mdeki, ule ufito mrefu. Juu ya mdeki palikuwa na alama mbili za kisu. Alama ya kwanza ilimwambia kuwa mtutu ni mtupu, ya pili kuwa umo kiasi kimoja. Kila alipoishika bunduki yake, hata kama aliiweka mwenyewe jana yake, alitia mdeki kwanza akatazama alama.

Siku moja nilimwuliza, “Meku, ukipata bunduki ya dukani, si utapumzika na taabu hii?”

Akacheka kidogo. “Mwalimu,” akasema, “ile ya dukani ikikosa nitamlaumu Mzungu. Hii ikikosa, wa kulaumiwa yuko hapa hapa.”

Nimeishi na maneno yale miaka mingi, na naona ndani yake imo sehemu kubwa ya jibu la swali la mwanangu wa Minnesota.

Waulize wenye kupenda kazi hii sababu yao, na jambo la kwanza watakalokutajia ni fedha. Yapo kweli katika hilo, kwa maana ganda hutumika tena na tena. Lakini wao kwa wao hutaniana kuwa hakuna aliyewahi kuweka akiba kwa njia hii, maana kilichookolewa katika bei hurudi kikatumika kwa kupiga risasi nyingi zaidi. Nafsi ya mwanaadamu ndivyo ilivyo. Huja na hesabu mkononi ili isikiri mapenzi yake. Watakutajia pia bunduki za kale ambazo risasi zake hazitengenezwi tena, na miaka ya uhaba kama 2020 na 2021, rafu za maduka ya Marekani zilipokuwa tupu. Sababu hizo ni za kweli, lakini hazielezi kwa nini mtu atoke chumbani mle uso wake umekunjuka.

Kinachomkunjua uso ni kwamba, kwa saa mbili, kila tendo lake limekuwa na kipimo, na kila kipimo kina ushahidi. Wao huandika daftari: tarehe, punje ngapi, aina gani ya baruti, na zile risasi zilikwenda kugonga wapi. Watengenezaji wa baruti hutoa vitabu vyenye ukomo ambao haufai kuvukwa, na mwenye akili huanza chini ya ukomo akapanda kwa punje moja au nusu yake, akitazama dalili. Redio huzimwa. Mtu hazungumzi, maana aliyesahau kuwa ganda hili amekwisha kulitia baruti akalitia mara ya pili, huenda akapoteza jicho au mkono. Mwangwi wa kazi yake hauji kesho kwa maneno ya watu. Huja pale pale, katika karatasi ya shabaha, hatua mia mbele yake. Ni kazi ngapi katika dunia ya leo zinazomwambia mtu ukweli upesi namna hiyo? Karani hupeleka faili asijue lilifika wapi. Mwenye kutengeneza kipande kimoja cha mashine kiwandani hakioni tena. Moyo wa mtu una njaa ya kuona mwisho wa kazi yake, na ukweli huo ukimpendeza au ukimwaibisha, humtuliza.

Hata hivyo, ndugu msomaji, utamu wa kazi si hoja ya kuhalalisha kila kitu. Kwanza iko sheria. Nchini Marekani mtu ana ruhusa ya kujaza risasi zake mwenyewe kwa matumizi yake, lakini akitaka kuzifanya biashara sharti apate leseni. Tanzania ni jambo jingine: Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimpi raia ruhusa ya kujitengenezea risasi bila ya leseni, na magobore ya siri yamewafikisha wengi gerezani, mbali na kumaliza wanyama wetu. Aliyesoma makala hii asiende kutafuta baruti.

Pili, kuna kile kinachotoka mwishoni. Dini yetu haikuchukia ustadi wa shabaha. Saad bin Abi Waqqas anatajwa kwa fahari kwa mishale yake. Lakini Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kumfanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha ya mchezo, na akatufundisha kuwa hata katika kuchinja tufanye kwa uzuri ili mnyama asiteseke. Hapo ndipo usahihi wa mpimaji unapopata maana. Meku alipima vizuri ili nyani asiende kufa kwa kidonda siku tatu msituni. Yule anayepima vizuri ili aue vingi zaidi bila ya haja, amejua kupima baruti na hakujua kujipima mwenyewe.

Basi tuchukue nini sisi, watu wa majumba ya pwani, ambao wengi hatutashika bunduki maishani? Tutazame majumbani mwetu. Kofia za kushonwa kwa mashine ziko sokoni kwa bei ya chini, na bado utamkuta bibi barazani miezi mizima na kofia moja ya viua, akihesabu tundu kwa tundu. Kalafati wa majahazi hupigilia pamba katika upenyo wa mbao akisikiliza mlio wa nyundo yake, kwa kuwa anajua bahari haipokei udhuru. Hawa ni ndugu wa yule mtu wa Minnesota na wa Meku wa Mkuu. Wote wameridhia kuwa kosa likitokea, wa kulaumiwa anajulikana.

Watoto wetu leo hupokea karibu kila kitu kikiwa kimekwisha kupimwa na wengine. Chakula kiko pakitini, nguo imeshonwa tayari, hata mchezo umo ndani ya simu. Si dhambi. Lakini kijana ambaye hajawahi kupima kitu kwa mkono wake, kikaharibika kwa mkono wake, kisha kikatengemaa kwa mkono huo huo, atajifunzia wapi kuogopa kuzidisha? Kila mzazi na amtafutie mwanawe kazi moja ya namna hii, iwe ni unga wa mikate, mbao, uzi au bustani, ampe mizani na daftari, na amwache akosee. Asimkimbilie kumsahihisha, kazi yenyewe itamwambia.

Mwenyezi Mungu, aliyeiweka mizani na akatuonya tusiipunje, atujaalie kuwa miongoni mwa wanaopima kabla ya kutenda, na wanaokubali hesabu ya walichokipima. Amin.