Mgeni wa Mama Kule Tingi

Mama aliponipigia simu kutoka Tingi kuniarifu kwamba amekubali kumpokea mgeni wa Kizungu akae naye miezi mitatu, nilikataa kabla hajamaliza kusema. Nikamtajia choo cha shimo, maji ya kuteka, na ugali wa muhogo ambao mgeni hatauweza. Hizo ndizo sababu nilizozisema. Sababu yenyewe, mama mwenzangu, ilikuwa aibu. Tumezaliwa watano, wote tuna kazi zetu mjini, na jiko la mama lilikuwa bado limeezekwa makuti yanayovuja. Sikutaka mtu wa mbali aje kuushuhudia uzembe wetu.

"Kwani anakuja kukagua?" mama akaniuliza. "Anakuja kujifunza kusema."

Mgeni mwenyewe alikuwa msichana kutoka Hispania, mwanafunzi wa mambo ya misitu. Alitaka kujua jinsi vijiji vya wilaya ya Kilwa vinavyotunza miti ya mpingo, kwa maana mwaka 2009 misitu ya baadhi ya vijiji hivyo ilipata cheti cha kimataifa cha utunzaji bora. Wageni wengi husomea Kiswahili darasani, kama kule Unguja au katika shule ya lugha ya Makoko, Musoma. Huyu alikuwa amemaliza kitabu kimoja, na mwalimu wake akamwambia kwamba kilichobaki hakimo kitabuni, akatafute nyumba ya kukaa.

Wiki ya tatu nilishindwa kuvumilia. Nikamchukua kitinda mimba wangu tukapanda basi Dar es Salaam. Siku hizi ukiondoka asubuhi unafika mchana. Nilipokuwa msichana tulivuka mto Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, na mvua zikizidi mlilala kando ya mto na kuku wenu mpaka maji yapungue. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, likatuondolea adha hiyo, ingawa njia ile haijaacha vituko vyake: Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata barabara maeneo ya Somanga, na sisi wenye wazee huko tukaikumbuka pantoni. Baada ya Somanga, mikorosho na minazi inakusindikiza pande zote mbili, na kabla hujafika Nangurukuru unaiona Tingi, imekaa juu ya barabara kuu kama mtu anayengoja lifti.

Tulimkuta mgeni uwanjani, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, kanga imefungwa kiunoni vizuri kuliko ninavyofunga mimi. Akainuka haraka. "Chikamoo, dada!"

Mwanangu alicheka mpaka nikamfinya. Lakini nilivyozidi kukaa nikaelewa. Lugha ya kwao haina sauti ya "sh", wala "z" kama yetu. Kwa hiyo shoka lilikuwa "choka", na zima taa ikawa "sima taa". Irabu, kwa upande mwingine, hazikumpa taabu hata kidogo. Kihispania kina a, e, i, o, u zilezile tano, basi aliweza kusoma gazeti zima kwa sauti, kila neno likasikika, naye asielewe hata mstari mmoja.

Kilichomfurahisha zaidi ni maneno aliyoyakuta yakimsubiri. Meza kwao ni "mesa", bendera ni "bandera", padri ni "padre". Wareno ndio waliotuachia, na lugha yao ni ndugu wa Kihispania. Walifika Kilwa Kisiwani na mwaka 1505 wakajenga ngome. Gereza linaloonekana kisiwani leo lilijengwa baadaye na Waarabu wa Oman, lakini neno lenyewe, gereza, wataalamu wanasema limetokana na neno la Kireno la kanisa. Mama aliposikia hivyo aliweka mwiko chini. "Kwa hiyo mimi nikisema mtu kafungwa gerezani, nyie mnasikia kafungwa kanisani?" Alilirudia jambo hilo kwa kila jirani aliyepiga hodi.

Saa zilimsumbua. Aliambiwa basi la Lindi hupita saa nne, akatoka kitandani usiku wa manane na tochi, akakaa kando ya barabara peke yake hadi mlinzi wa duka akamrudisha nyumbani. Nilimwambia mama angemfafanulia mapema. Akasema hakufikiria kwamba kuna watu wanaoanza kuhesabu siku katikati ya usiku.

Na hapo nikaona kosa letu wenyeji. Hatumsahihishi mgeni. Akikosea tunamwambia, "Unajua sana Kiswahili!" kisha tunacheka akishaondoka. Tunaiita adabu, lakini mwenzetu anabaki na makosa yake. Pale kwa mama, waliomfundisha kweli walikuwa watoto wa jirani, ambao hawakumhurumia hata kidogo, na mama mwenyewe, kila jioni baada ya kula.

Somo lao lilikuwa hivi. Mgeni alitandaza vitu kwenye mkeka, kimoja kimoja, akauliza: "Hii ni nini?" Mama akataja, mgeni akaandika daftarini. Kijiko, kifuu, kibiriti, ufuta, sindano, kifungo. Usiku wa pili nilikaa nao nikaona mama anakichukua kila kitu mkononi, anakipapasa, ndipo anakitaja. Nikadhani ni mchezo wao.

Asubuhi yake, tulipokuwa tunateka maji, yule msichana alinionyesha daftari. Baadhi ya maneno yalikuwa na alama ndogo pembeni. Alitafuta namna ya kunieleza, akaweka ndoo chini, akafumba macho na kupapasa hewa. "Dada, mama anaona na mkono."

Nilitaka kukasirika. Mimi ni mtoto wake wa kumzaa, huyu amekuja juzi. Nilirudi ndani nikamwomba mama anitungie uzi kwenye sindano. Alijaribu mara nne, kisha akasema nyuzi za siku hizi ni nene. Nilimpeleka mlangoni penye mwanga nikamtazama machoni, jambo ambalo sikumbuki kulifanya tangu nilipoolewa. Mboni zote mbili zilikuwa na weupe kama tui.

Alikuwa anajua. Ni mwaka wa pili, alisema. Kwenda kisimani alihesabu hatua, chumvi na sukari alizitenga kwa makopo, moja lina kipini na jingine halina. Nilimuuliza kwa nini hakutuambia. "Mngenihamishia mjini," akajibu. "Mngeniweka kwenye kochi mbele ya televisheni."

"Na mgeni je? Kwa nini ukubali mgeni nawe huoni?"

Mama alinyamaza kidogo. "Nilihitaji mtu wa kunisomea maandishi ya dawa na kuniangalizia nyoka kuni zikiletwa. Watoto wa jirani wangenisema. Huyu nilijua hana Kiswahili cha kunisemea kwenu." Kisha akacheka mwenyewe. "Kumbe anajifunza upesi."

Ule weupe ni mtoto wa jicho. Huwajia wazee wengi, hauumi, huja polepole, na ndiyo maana tunaukosa. Hakuna dawa ya matone inayouondoa. Daktari huitoa lenzi iliyochafuka na kuweka ya bandia, na mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku ileile. Tulimpeleka Dar es Salaam, jicho la kulia kwanza, la kushoto wiki kadhaa baadaye. Nilimwahidi mbele ya kaka zangu kwamba akipona atarudi Tingi, na paa la jiko tukaliezeka upya kabla hajarudi. Tuliandikiana makubaliano hayo karatasini, mama ndiye aliyetaka hivyo.

Mgeni alikuwa amebakiza siku tisa wakati mama aliporudi na jicho moja zima. Jioni mkeka ukatandikwa kama kawaida. Msichana alipofungua daftari mama akamzuia, akamsogelea na kumtazama usoni kwa muda mrefu, akaona vidoa vya kahawia vilivyojaa mashavuni na puani.

"Hii ni nini?" mama akauliza yeye.

Mgeni hakuwa na neno lake. Tulikaa watatu pale tukabishana kama tuviite madoa, vipaku au chunusi, na mwisho mama akaamua viitwe ufuta. Viliandikwa hivyo daftarini.