Magamba ya Ngozi si Ukoma

Twataka kueleza habari za ugonjwa mmoja wa ngozi ambao tumekaa nao mwilini mwaka wa 11 sasa. Hatuandiki kwa kutaka kuhurumiwa. Katika safari zetu za kazi na za kanisa tumekutana na watu watano wenye ugonjwa huu huu, wala katika hao watano hapana hata mmoja aliyejua jina lake, na wawili walikuwa wameacha kabisa kushiriki Meza ya Bwana kwa ajili ya aibu. Ndiyo sababu tumeshika kalamu.

Waganga wa hospitali huuita soriasisi. Kwa Kiswahili hauna jina lake hasa. Wengine husema ni pumu ya ngozi, wengine ukurutu, wengine choa, na ukiwa kichwani husema ni mba tu. Lakini hayo ni majina ya magonjwa mengine, na mtu akikosea jina hukosea na dawa. Sisi wenyewe tulipaka dawa ya choa muda wa miezi minne, asubuhi na jioni, tukitibu choa tusichokuwa nacho.

Kwetu ulianza kiwikoni. Palitokea baka dogo kama sarafu, lenye ukingo ulio wazi, na juu yake magamba meupe makavu yaliyobanduka tulipoyakwaruza. Likafuata goti, kisha goti la pili, kisha kichwa. Kucha nazo zikaingia vitobo vidogo vidogo kama vya subana ya mshonaji. Vitabu vingi husema kwamba baka la soriasisi ni jekundu, maana vimeandikwa kwa kutazama ngozi ya Wazungu. Katika ngozi nyeusi kama yetu baka huwa la rangi ya zambarau au la kahawia iliyokolea, na magamba yake huonekana kama majivu. Twataja jambo hili kwa kuwa hata mhudumu mmoja wa zahanati alitutazama, akafungua kitabu chake, akaona picha nyekundu, akatuambia kwamba hatuna ugonjwa huo.

Kazi yetu ni ualimu, na magamba ya kichwani yalikuwa yakianguka juu ya mabega ya koti letu jeusi. Siku moja mtoto wa darasa la pili akatuambia kwa adabu, "Shikamoo, mwalimu. Chaki imekumwagikia." Tukaitika marahaba, tukasema ndiyo, ni chaki, tukajipangusa. Tukaendelea kusema hivyo karibu mwaka mzima. Sisi tuliokuwa tukiwaadhibu watoto kwa kusema uongo!

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mama yetu aliona kwamba dawa za dukani hazifai kitu, naye, pasipo kutuambia, akauza mbuzi wawili akaenda kwa mtu aliyesifiwa kwa kuagua. Mtu yule akamwambia kwamba ugonjwa umetumwa na mwanamke jirani, mwenye mti wa mparachichi mlangoni. Mwanamke huyo ndiye aliyetubeba mgongoni tulipokuwa wachanga, wakati mama alipolazwa hospitalini. Basi mama akakata salamu. Mwaka mmoja na zaidi walipitana njiani ya kisimani kama watu wasiojuana, na yule mama wa watu hakujua kosa lake ni nini. Ugonjwa wenyewe haukutuumiza kama jambo hilo.

Baadaye tukafika katika kanisa moja ambalo hatulitaji, tukiwa wageni siku ya ushirika. Tulikuwa tumevaa shati la mikono mifupi kwa ajili ya joto. Mzee aliyeshika kikombe alipotufikia akautazama mkono wetu, akasita, akapita kwa aliyefuata. Hakusema neno, nasi hatukusema. Tulipotoka nje tulisikia mtu akinong'ona kuhusu ukoma.

Hatumlaumu sana mzee yule, maana kosa lake ni la kale kuliko yeye. Kila msomaji wa gazeti hili amesoma sura ya 13 ya Mambo ya Walawi, jinsi kuhani alivyotazama ngozi za watu. Wataalamu wa lugha ya Kiebrania wanasema kwamba neno lililotumika pale halikuwa la ugonjwa mmoja tu. Lilikusanya magonjwa mengi ya ngozi, na katika sura hiyo na ile inayofuata latajwa pia juu ya nguo na kuta za nyumba, jambo ambalo haliwezi kuwa ukoma tuujuao. Maandiko yalipotiwa katika Kiyunani wafasiri wakaweka neno lepra, na kwa matabibu wa Kiyunani neno hilo lilikuwa la magonjwa yenye magamba. Ukoma wa kweli waliupa jina jingine. Baada ya muda majina yakachanganyika, na yamkini watu wengi wenye magamba kama yetu walitengwa pamoja na wakoma katika nchi za Ulaya. Hata mwaka 1841 ndipo tabibu Ferdinand von Hebra, katika mji wa Vienna, alipoyatenga wazi magonjwa hayo mawili. Tena mwaka 1873 tabibu Armauer Hansen wa Norway akaona kwa darubini kijidudu cha ukoma. Katika soriasisi hapana kijidudu cha kuambukiza. Huwezi kuupata kwa kupeana mkono, wala kwa kikombe, wala kwa kulala kitanda kimoja na mgonjwa.

Lakini tusije tukajitoa sisi shimoni kwa kumsukumia mwenzetu humo. Mwenye ukoma naye hana haki ya kufukuzwa. Dawa zake zipo, hutolewa bure, humponya kwa miezi 6 au 12, na akianza kuzinywa upesi huacha kuambukiza. Dalili moja yaweza kumsaidia mtu asiye tabibu: baka la ukoma mara nyingi limekufa ganzi, ukiligusa kwa pamba mgonjwa hasikii; baka letu husikia, tena huwasha. Hata hivyo kazi ya kuamua ni ya hospitali.

Kabla ya kufika hospitali tulifanya upumbavu mmoja zaidi. Sokoni palikuwa na mtu akiuza mafuta meupe ndani ya kikopo kisicho na maandishi. Tukapaka, na katika majuma mawili ngozi ikawa safi kama ya mtoto. Tukamshukuru Mungu, tukanunua vikopo sita. Tukapaka mwili mzima miezi minane, hata ngozi ya mapajani ikawa nyembamba, ikapasuka michirizi. Mwuzaji alipohama tukakosa dawa, na siku chache baadaye ugonjwa ukarudi kwa ukali ambao hatukuwahi kuuona: kifua, mgongo, miguu, pote. Twajua sasa kwamba mna dawa ya steroidi yenye nguvu katika mafuta ya namna ile, ambayo wengine huyatumia ili wawe weupe. Dawa hiyo si sumu yenyewe. Hospitalini hupewa wagonjwa wetu. Ubaya ni kuipaka pasipo kipimo na kuiacha ghafula. Kunywa vidonge vya steroidi kwa ugonjwa huu ni hatari kubwa zaidi, kwani mtu akiviacha ngozi yaweza kufura vipele vya usaha mwili mzima.

Basi tukashuka milimani kwetu Upare, tukapanda gari hata Moshi. Huko katika hospitali ya KCMC kiko chuo cha magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992, ambacho kimewafundisha matabibu wa nchi nyingi za Afrika. Daktari aliyetupokea, mama wa makamo, alituamkia, akaushika mkono wetu kwa mkono wake mtupu, akaugeuza, akapitisha kidole juu ya magamba. Hapakuwa na mtu aliyeugusa mkono ule kwa miaka miwili isipokuwa mama. Tulijitahidi tusilie mbele yake, hatukuweza.

Akatueleza hivi. Ngozi ya mtu hujifanya upya kwa muda wa karibu mwezi mmoja; chembe huzaliwa chini, hupanda polepole, hufika juu zikiwa zimekomaa, huanguka pasipo kuonekana. Katika soriasisi walinzi wa mwili, wale wanaopigana na maradhi, huchokozeka pasipo adui, na chembe za ngozi hupanda kwa siku tatu hata tano tu. Hufika juu kabla ya kukomaa, nazo hurundikana, ndiyo magamba. Asili yake kwa sehemu ni ya ukoo. (Mama alipoulizwa alikumbuka kwamba babu yake alikuwa akivaa kofia hata ndani ya nyumba.) Kisha yako mambo yanayouamsha: jeraha au mkwaruzo wa ngozi, homa ya koo, pombe, tumbaku, huzuni na mashaka, na dawa nyingine kama klorokwini na baadhi ya dawa za shinikizo la damu. Virusi vya Ukimwi navyo huweza kuuzidisha, kwa hiyo tulipimwa damu.

"Mwalimu," akasema, "ugonjwa huu hatuuondoi. Tunautuliza. Shamba lako hulipalilii mara moja ukalisahau."

Neno hilo lilituvunja moyo siku ile. Leo twaona ndilo lililotuokoa, maana lilituondoa katika kutafuta mponyaji na kupoteza mbuzi. Kazi yenyewe ni ndogo ila ya kila siku. Twaoga kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, wala hatusugui kwa dodoki wala kwa jiwe, ingawa mkono hutamani sana. Kabla ngozi haijakauka vema twapaka mafuta ya mgando, mengi. Palipo na magamba mazito twatia marhamu yenye asidi salisiliki ili yalainike; kisha marhamu ya steroidi juu ya baka peke yake, tabaka jembamba, kwa majuma aliyoagiza daktari, halafu twapunguza siku kwa siku. Usoni na makwapani ile kali haipakwi. Kichwani twapaka mafuta usiku, twafunga kitambaa, asubuhi twachana taratibu na kuosha.

Iko na dawa ya lami ya makaa ya mawe. Hunuka, hutia madoa mashukani, na mke wetu ametutengea shuka moja la zamani kwa ajili yake, walakini yafaa. Tabibu Goeckerman wa Marekani alianza kuitumia pamoja na taa za mwanga mwaka 1925, na katika hospitali kubwa mwanga wa taa ungali ukitumika. Sisi wa vijijini twaota jua la asubuhi, dakika kumi hivi, pasipo kujiunguza, kwani ngozi iliyoungua huamsha mabaka mapya.

Wenye ugonjwa mwingi hupewa vidonge vya methotreksate. Tafadhali msomaji asipite upesi hapa. Vidonge hivyo hunywewa mara moja kwa juma, siku moja iliyotajwa, wala si kila siku. Wako watu waliokufa kwa kukosea hapo. Mwenye kuvitumia hupimwa damu na ini, huacha pombe, na mwanamke mwenye mimba haruhusiwi kabisa. Ziko na sindano mpya zenye nguvu sana, ila bei yake haijawa ya watu kama sisi. Tena mgonjwa akiamka asubuhi viungo vimekakamaa, au kidole chote kimevimba, asiseme ni baridi ya milimani: soriasisi huingia viungoni pia na kuviharibu, na dawa yake haingoji.

Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya wa mataifa yote ulikubali azimio kwamba soriasisi ni ugonjwa mzito usioambukiza, na kwamba wagonjwa wake huteswa kwa kutengwa. Tulipata nakala, tukaisoma mbele ya baraza la wazee la usharika wetu kwa ruhusa ya mchungaji. Mzee mmoja akauliza kama mataifa hayana kazi nyingine. Wengine wakacheka, nasi tukacheka, kisha wakatuomba tunyoshe mikono waione.

Mama yetu alisikiliza maneno ya daktari tuliyomletea, akanyamaza siku mbili. Siku ya tatu akakata mkungu wa ndizi, akajitwika mwenyewe, akaenda kwa jirani yake. Alikaa huko hata jioni. Walichozungumza hakutuambia.

Katika kanisa lile lingine hatujarudi, nasi twakiri kwamba si kwa sababu ya umbali. Mikono yetu imetakata, isipokuwa madoa meusi yanayofifia polepole. Goti la kushoto limeanza tena tangu masika, na kikopo cha marhamu kiko dirishani. Shuleni yuko binti wa darasa la nne ambaye, majuma mawili baada ya homa ya koo, ametokwa na vibaka vidogo kama matone ya mvua mwili mzima. Wenzake wamehama dawati lake. Baba yake alisema ni choa, amekwisha kununua dawa. Tulikwenda kwake jana usiku, tukakunja suruali tukamwonyesha goti letu. Jumanne tutapanda gari pamoja, sisi, yeye na mtoto, kwenda Moshi.