Kurasa Zilizobandikwa Kibabi

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara niliipata mwaka 1987, katika taasisi moja ya elimu ya juu mjini Goma. Nilikuwa nimeshuka kutoka Kibabi, kwetu Masisi, nikiwa na diploma ya sekondari na viatu vya kuazima. Walinipa chumba chenye dirisha moja, mashini ya kuandika, makasha ya stensili na roneo, mashini ya kunakili ya kuzungusha kwa mkono. Humo niliandika mitihani na ratiba. Humo pia, kuanzia mwaka 1990, nililiandika jarida la wanafunzi.

Mwaka ule ulifungua midomo. Tarehe 24 Aprili Rais Mobutu alitangaza kwamba enzi ya chama kimoja imekwisha, na vijana waliokuwa wakificha mashairi yao chini ya godoro wakaanza kuja nayo mlangoni kwangu jioni, masomo yakiisha. Pesa hawakuwa nazo. Karatasi walichangishana, wino niliubana kwenye ule wa mitihani.

Aliyezaliwa na kompyuta hawezi kujua stensili ilivyokuwa. Unauondoa utepe wa wino ili herufi ya chuma iikate moja kwa moja ile karatasi ya nta. Ukigonga kwa nguvu, tumbo la herufi o linadondoka, na kwenye nakala panatoka doa jeusi. Ukigonga kwa woga, neno halionekani. Ukikosea, unapaka dawa yenye harufu kama ya rangi ya kucha, unapuliza, unangoja ikauke, ndipo unapiga upya. Mtihani haukunipa taabu, kwa kuwa koma ikikosekana profesa anaisema kwa mdomo darasani. Shairi ukilivunja mstari pasipo pake, mwenyewe anaumia, na nimewaona walioumia hadi machozi. Kulikuwa na kijana wa mwaka wa pili aliyechora juu ya stensili kwa kalamu ya chuma, bila nafasi ya kufuta: volkano ya Nyiragongo na moshi wake, ng'ombe wa Masisi, mwanamke aliyeinama chini ya mzigo wa kuni, kamba ya mzigo imepita kwenye paji la uso. Alitumia mistari mitupu, kwa sababu ukijaza weusi stensili inachanika roneo ikizunguka. Sijaona tena mkono kama ule.

Kamati ya wanafunzi ilitaka Kifaransa peke yake. Ndiyo lugha ya darasa na ya diploma, walisema, na Kiswahili kina soko na nyumba zake. Kisha akaja binti mmoja wa Masisi na shairi la ukurasa mzima kuhusu ng'ombe wa baba yake aliyeuzwa ili yeye alipiwe minervali, yaani karo. Ng'ombe ndiye aliyesema humo, tangu zizini hadi mnadani.

"Kaka, uandike vile vile," aliniambia. "Usiniwekee hata neno moja la Kifaransa."

Sikuwa na kura katika kamati. Nilichokuwa nacho ni roneo, na nilisema wazi kwamba ukurasa ule usipoingia, jarida lile wachapiwe kwingine. Lilikuwa jambo kubwa kwa karani wa miaka michache, na kama ningefukuzwa nisingekuwa na pa kwenda. Wakampa ukurasa wa mwisho. Nakala zilizotoka na madoa nilizifunga kwa kamba nikampa dereva wa lori, azifikishe kwa dada yangu mkubwa Kibabi. Dada alikuwa ameniomba karatasi za kuzibia baridi.

Jarida lilidumu matoleo sita. Waandishi wake walimaliza masomo wakaondoka, maana mwanafunzi ni mpitaji. Vita vya Masisi vikaanza mwaka 1993, mwaka uliofuata wakimbizi wa Rwanda wakajaa Goma. Mimi baadaye nilifungua sekretaria yangu ndogo, ofisi ya kuandikia watu hati, katikati ya mji, na kasha lenye matoleo yote sita lilikuwa chini ya meza. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ulipasuka. Lava ilipita juu ya sekretaria, na leo pamejengwa duka juu ya lile jiwe jeusi.

Nilijikaza nisiliwaze kasha lile, hadi mhadhiri mmoja aliponiletea kitabu cha Karim Hirji kilichotoka mwaka 2010, juu ya Cheche, jarida la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nilikisoma Kiingereza chake polepole, kamusi pembeni. Cheche lilianza mwaka 1969, likapigwa marufuku Novemba 1970. Maisha ya mwaka mmoja tu! Lakini miaka 40 baadaye mhariri wake alikaa akayaandika. Na Penpoint, jarida la Makerere, alimoanzia Ngũgĩ wa Thiong'o akiwa mwanafunzi: David Cook alikusanya kazi za vijana wale katika kitabu mwaka 1965, tena wengine wakiwa hawajajulikana. Kote huko alikuwepo mtu wa kukusanya. Kwetu mtu huyo nilipaswa kuwa mimi.

Kiangazi cha mwaka 2011 nikapanda pikipiki kwenda Kibabi, kwa dada.

Nyumba ya mbao ya dada ilikuwa imeachwa mara tatu na kurudiwa mara tatu. Mlango uliibwa, kuta zilibaki. Chumba cha ndani, juu ya kitanda, kurasa zangu zilikuwa zimebandikwa kwa gundi ya unga wa muhogo, zimekuwa kahawia kwa moshi. Dada hakusoma shule hata siku moja.

"Nisomee basi, kaka," akasema. "Mimi nazitazama kila usiku, sijui zinasema nini."

Nilianza na Kifaransa. Alisikiliza kwa heshima, mikono mapajani. Nilipofika kwa ng'ombe alinyanyua kichwa. Kwenye mstari wa mnadani akanishika mkono.

"Huyu mtoto ni wa nani?"

Nikamwambia ni wa huku huku Masisi. Akatoka nje kuwaita majirani, nami nikarudia tangu mwanzo, mara mbili. Mistari minne ya mwisho ilikuwa chini ya ukurasa mwingine uliobandikwa juu yake. Mimi ndiye niliyeipiga herufi kwa herufi, na sikuikumbuka hata mmoja. Dada akachemsha maji, akaleta kisu cha kumenyea viazi na kitambaa. Yeye alishika taa, mimi nikaanza kulowesha ukingo wa ukurasa wa juu.